Kumsimamisha Mzee wa Kreni

Katika nchi hii ukitaka kuvunja mgongo kwa kubeba mifuko ya saruji, watakuonyesha video ya dakika kumi na kukutakia siku njema. Ukitaka mashine ibebe badala yako, hapo ndipo utakapojua serikali ina meza ngapi. Nimetoa nakala za pasipoti yangu mpaka mashine ya maktaba ya Penrith ikawa inakohoa ikiniona nikiingia mlangoni. Nimepigwa picha za kitambulisho nyingi kuliko bibi harusi. Na yote hayo, wala sikutaka kuendesha kreni. Nilitaka tu kusimama karibu yake, filimbi mdomoni.

Kazi hiyo ina mwenyewe. Kuna mtu anayefunga mzigo kwenye ndoano, akahakikisha haufunguki, kisha akamwongoza dereva kwa filimbi, kwa mikono au kwa redio. Saiti za Sydney wanamwita doga. Dereva yuko kibandani, mara nyingi haoni mzigo unatua wapi wala nani anapita chini yake. Macho yake ni doga. Ndiyo maana doga naye lazima awe na leseni ya kazi za hatari, ndugu wa damu wa leseni ya dereva. Huna leseni, hugusi hata ndoano. Unashika ufagio.

Mimi nilikuwa nimeshika ufagio. Miaka miwili nimefagia saiti moja kule Westmead, jengo la ghorofa karibu na hospitali ambako mke wangu anahudumia wagonjwa. Nimefagia vumbi ambalo lingetosha kujaza Ziwa Tanganyika na kubaki. Siku moja msimamizi wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya lori, akanikuta natazama msingi wa zege uliomwagwa kwa ajili ya kreni ya mnara. Akaniambia kreni itaanza kazi Jumatatu ya kwanza baada ya likizo ya shule, na siku hiyo atahitaji doga wawili. Mmoja keshampata. Nikija na leseni, wa pili ni mimi. Nikija bila leseni, ufagio uko palepale. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Nilihesabu wiki. Zilikuwa tisa.

Shule haijawahi kunitisha. Nilimaliza sekondari nikiwa na miaka arobaini na tatu, kwa masomo ya jioni hapahapa Sydney, nikitatua aljebra nikiwa na viatu vya chuma miguuni na tope la saiti kwenye nyusi. Cheti changu kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni, na mgeni asipokitazama ndani ya dakika tano namhamishia kiti. Kwa hiyo nilipojiandikisha chuoni kwa kozi ya udoga, nadharia jioni na mazoezi Jumamosi, nilimwambia mke wangu leseni ni yetu, abaki tu kuchagua fremu.

Wiki ya kwanza tulifundishwa sheria, na hapo niling'ara kama sufuria mpya. Mkufunzi alieleza kwamba leseni inatolewa na jimbo, si na serikali kuu, lakini ukiipata hapa New South Wales unafanya nayo kazi mpaka Perth. Lazima uwe umetimiza miaka kumi na nane, uwe na kadi nyeupe ya mafunzo ya saiti, na kila miaka mitano uihuishe. Kreni nayo ina matabaka: ya mnara leseni yake, ya magurudumu leseni yake kulingana na tani, ya darajani leseni yake. Huwezi kupata moja ukajidai unazo zote.

Nyuma yangu mzee mmoja aliinua mkono akauliza, kwa Kiingereza chenye Kifaransa na Kiswahili ndani yake, Australia ina serikali ngapi hasa. Darasa likacheka. Nikageuka, nikamwona alivyokaa na kofia yake magotini, nikamjibu kwa Kiswahili. Nikamwambia serikali kuu ilikaa na majimbo wakaandika kielelezo kimoja cha sheria, kisha kila jimbo likaenda nacho nyumbani kukishona. Ni kama vitenge vya sare ya harusi: rangi moja, mshono wa kila mtu. Mzee akanitazama kama mtu aliyeokota saa yake iliyopotea.

"Ah," akasema. "Sasa weye ndiye profesa wangu."

Alikuwa Mkongo wa Katanga. Ameendesha kreni kwenye migodi ya shaba miaka ishirini na miwili, kabla vita na kambi havijamleta huku, akaishia kupanga makatoni ghalani. Vyeti vyake vilibaki kwenye nyumba ambayo nayo haipo tena. Hata vingekuwepo, jimbo lingemtahini upya, kwa sababu linatoa leseni kwa kile lilichokiona kwa macho yake. Alikuwa anasomea tabaka la kreni ya magurudumu isiyozidi tani ishirini, na nadharia tulisoma chumba kimoja. Nilimwita Papa, kama wenzake Wakongo wanavyowaita wakubwa wao. Na kwa kuwa mimi ni mtoto niliyelelewa Tabora, nilimwamkia shikamoo. Kwao hawana shikamoo. Lakini alivyoizoea yangu, nikichelewa kuitoa alikuwa ananikazia macho mpaka niitoe, kisha anajibu marahaba kwa sauti ya chifu aliyeletewa kodi.

Tukawa kitu kimoja. Yeye alinifundisha kusikiliza mkanda wa kufungia unapolia kwa uzito wa mzigo, mimi nilimfundisha maswali ya mtihani. Jumamosi uwanjani yeye alikaa kibandani, mkufunzi pembeni yake, mimi chini na filimbi. Filimbi mbili fupi, ndoano inapanda. Moja ndefu, inashuka. Moja fupi, simama. Hiyo ya mwisho ina uzito kuliko zote, alisema mkufunzi, na mtu yeyote saitini anaweza kuitoa. Nikaiandika nikaipigia mstari mara mbili, maana mimi mambo muhimu huyapigia mistari hadi karatasi inatoboka.

Mtihani ukaja wiki ya saba. Maandishi nilipita. Mahesabu ya uzito wa bomba la zege na pembe za mikanda niliyafanya kwa kasi iliyomfanya jirani yangu asogeze kiti. Ikabaki vitendo, na mtahini alikubali kututahini pamoja, mimi na Papa, mmoja chini mmoja juu, kwa kuwa tulizoeana. Mtahini alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe na ubao wa kuandikia, aliyeidhinishwa na jimbo, na uso wake haukuwa na habari zozote.

Nilimwamkia Papa getini. Nikafunga bomba kwa mikanda miwili, nikalipima kwa macho, nikapuliza mbili fupi. Bomba likapanda taratibu kama mkate unaoumuka. Kazi yetu ilikuwa kulipitisha nyuma ya ukuta wa mapipa na kulilaza juu ya magogo. Lilipofika katikati, mtahini akaanza kutembea kuelekea chini yake, ameinamia simu, kama wanavyotembea watu wote duniani siku hizi.

Nilimwona. Nasema kweli nilimwona. Nilijua ni mtego, nilijua ishara, nilijua ukurasa wa kitabu. Lakini Papa alikuwa katikati ya kazi yake, tena anaifanya kwa uzuri, na mimi nimefundishwa tangu sijaota meno kwamba mzee akiwa katikati ya jambo humkatizi. Unasubiri avute pumzi. Unakohoa kidogo. Unasema samahani. Na kumwinulia mzee mkono, kiganja wazi, mbele ya watu? Kwetu mkono huo ungekaukia hapohapo hewani.

Basi nikakohoa. Nilikohoa ndani ya filimbi, ikatoka sauti ya kifaranga aliyekanyagwa. Nikainua mkono wa kulia nusu, wa kushoto ukiushika kiwiko, na magoti yakajikunja yenyewe kidogo. Papa akaniona kutoka kibandani. Akadhani namsalimia. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu naye, akainua mkono mmoja akanirudishia salamu, wa pili ukiendelea kuvuta bomba.

Mkufunzi, aliyekaa pembeni ya Papa kibandani, akabonyeza kitufe cha dharura. Kila kitu kikasimama isipokuwa bomba, ambalo lilibaki likibembea juu ya nywele nyeupe za mtahini. Yeye akatazama juu, akanitazama mimi, akaandika mstari mmoja.

"Umeniua," akasema, "lakini kwa adabu sana."

Mimi nikaanguka mtihani. Papa naye akaanguka, kwa sababu sheria inasema dereva akipewa ishara asiyoielewa anasimamisha mashine, harudishi salamu. Nilikuwa nimemwangusha mtu aliyekuwa akiinua shaba wakati mimi nachunga mbuzi.

Tulirudi kwa treni. Papa aliangalia dirishani mpaka tukapita stesheni nne. Nafasi ya kurudia ilikuwa moja tu, Jumamosi ya wiki ya tisa, siku mbili kabla ya ile Jumatatu ya kreni, na msimamizi alishaniambia hawezi kunisubiri, kuna kijana wa shirika jingine anaulizia. Niliomba radhi kwa njia zote ninazozijua, na ninazijua nyingi. Mwishowe Papa akageuka.

"Mzigo iko juu, weye unainama. Ni kanisa ile?"

Nikasema heshima, Papa.

"Heshima yako itaniua na njaa," akasema. "Jumamosi hii minakuja kwako. Uko na nini ku nyumba yenye inazunguka?"

Nyumbani kwetu Penrith tuna ua mkubwa, na katikati ya ua, kama nyuma ya kila nyumba ya zamani ya huku, kuna kianikio cha nguo cha chuma: nguzo moja, mikono minne juu, waya zimezungushwa kama utando wa buibui. Ukikisukuma kinazunguka. Ukizungusha mpini wa nguzo kinapanda na kushuka. Nimeishi nacho miaka sita nikidhani ni kitu cha kuanikia shuka. Papa alikitazama mara moja tu, akavua koti, akakishika mpini kama mtu aliyekutana na rafiki wa ujana.

Akatundika ndoo ya maji kwenye mkono mmoja. Mke wangu alikuwa ameanika shuka zake za sherehe kwenye mkono wa pili na akakataa katakata kuzitoa, akasema yeye alitangulia. Papa akasema vizuri, hao ndio watu wanaopita chini. Akanigeuzia mgongo ili asinione, nimwongoze kwa filimbi peke yake. Ndoo ikiikaribia shuka, nisimamishe.

Mara ya kwanza nilichelewa, shuka ikapata maji. Mara ya pili nilichelewa zaidi. Mara ya tatu nilipuliza kwa upole kiasi kwamba njiwa waliokuwa kwenye uzio hawakugeuza hata shingo. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mimi unaniamrisha kutwa nzima bila filimbi," akasema. "Leo umepewa na filimbi, umekuwa mwali."

Papa akaacha mpini. Akakaa kwenye ngazi ya nyuma, akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia darasani. Kule mgodini alikuwa na kijana wa kumpa ishara, kijana mzuri, mwenye nidhamu, aliyemwita shefu, yaani bosi, kila neno la pili. Siku moja mkanda ulikuwa unateleza kwenye mzigo, na kijana akauona. Papa alikuwa kwenye hasira asubuhi ile, amekwisha kumkaripia mara mbili kwa kumkatiza. Kijana akanyamaza, akaamua ausogelee mzigo aukamate mwenyewe kwa mikono. Hakufa. Lakini mkono wake wa kuume, Papa akasema, haukushika tena kijiko.

"Hakuogopa mashine," akasema. "Aliniogopa mimi."

Akainuka akaenda kujaza ndoo.

Nikajaribu tena, na nakwambia nilikaza moyo kama mtu anayeruka mto. Kichwa kilikuwa tayari. Mdomo ulikataa. Kila nikiuona ule mgongo wa kizee na nywele za kisogoni zilizokwisha kuwa mvi, niliiuma filimbi kwanza. Nikapuliza. Shuka ikalowa mara ya nne. Mke wangu akatuita tule kabla hatujamaliza kabati lake lote.

Mezani ndipo mambo yalipogeuka, na hayakugeuzwa na mimi. Mke wangu ni Mgogo. Mimi Mnyamwezi. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, mababu zangu walipokuwa wakipita kwao na mizigo begani na wao wakiwadai ushuru wa njia. Amenioa, ndivyo asemavyo mwenyewe, ili awe karibu na mtu wa kumtukana. Alikuwa anamwongezea Papa mboga huku akimuuliza kwao hasa ni wapi, si Katanga tu, Katanga ni kubwa. Papa akasema yeye ni Muyeke. Na Bayeke, akasema bila kuweka uzito wowote, babu zao walitoka upande wa jua, Unyamwezi, walifuata shaba wakabaki.

Mke wangu akaweka mwiko mezani.

"Kumbe," akasema. "Wewe ni mpagazi wao. Ulipewa mzigo Tabora ukaondoka nao, mpaka leo hujarudi."

Papa akaacha kijiko hewani. Halafu akacheka kicheko kilichotikisa vikombe, na mimi nikicheka naye nikasikia kitu kikifunguka kifuani. Mke wangu, bila kuitisha mkutano wa ukoo wowote, akatangaza kwamba kuanzia saa hiyo mimi na Papa ni watani, maana aliyetoroka na mzigo wa watu hawezi kudai uzee. Ukimsimamisha mzee wa ukoo uko nje ya sheria, akaniambia, lakini mtani? Akanikumbusha mazishi ya mjomba wangu. Jeneza liko njiani kuelekea makaburini, limebebwa na wanaume sita, maaskofu wanangoja, na bibi mmoja Mgogo mfupi kama kinu akajitupa barabarani, akasema hapiti mtu. Msafara mzima ukasimama. Wazee wa Kinyamwezi wenye fimbo walisimama. Hakuna aliyemkemea, kwa sababu ni mtani, na mtani ana haki hiyo. Wakambembeleza ndipo wakapita.

"Kama bibi yule aliweza kusimamisha jeneza," akasema, "wewe utashindwa na ndoo?"

Tukatoka nje chakula kikiwa bado kooni. Papa akashika mpini, akanipa mgongo. Ndoo ikazunguka. Nikautazama ule mgongo, na safari hii sikumwona mzee, nilimwona mtoro aliyekwenda na mzigo wa babu yangu. Nikapuliza moja fupi. Ilikata hewa kama panga. Njiwa wote waliruka mpaka Milima ya Bluu, naapa hawajarudi. Mpini ukasimama, ndoo ikasimama, na shuka, iliyokuwa imebaki upana wa vidole viwili, ikabaki kavu.

"Umekawia," Papa akasema bila kugeuka. "Rudia, mutoto ya wachunga mbuzi."

Tulirudia mpaka jua likazama, na kila jioni ya juma lililofuata niliposhuka treni nilimkuta ameshafika, anajaza ndoo. Nilimsimamisha akipanda, nilimsimamisha akishuka, nilimsimamisha akifungua mdomo kuzungumza. Binti yetu alikuwa anatuhoji maswali ya kitabu kutoka dirishani kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia vizuri ila anakijibu kwa Kiingereza kama mtu anayepokea zawadi kwa mkono wa kushoto. Tulimjibu wote wawili kwa Kiswahili, akaandika tiki.

Siku ya kurudia mtihani nilikutana na Papa getini. Mwili ulitaka kuinama. Nikaunyoosha.

"Mpagazi mtoro," nikamwambia, "mzigo wetu uko wapi?"

"Nimeuuza," akasema, akapita.

Mtahini alikuwa yuleyule, na ubao uleule. Nilifunga bomba. Nikakagua mikanda mara mbili. Mbili fupi, likapanda. Macho yangu yote yalikuwa kwake yule mwanamke, namngoja aanze kutembea na simu yake. Hakutembea. Alisimama palepale ameshikilia kalamu. Na kwa kuwa hakutembea, nikayarudisha macho kwenye bomba, ndipo nikaona mkanda wa upande wa mbali. Ulikuwa umesogea. Si sana, labda upana wa kiganja. Lakini ulikuwa unaelekea mwisho wa bomba, na mimi ndiye niliyeufunga.

Hilo halikuwemo kwenye mtihani. Kulisimamisha bomba kulikuwa sawa na kumwambia mtahini, mbele ya kalamu yake, kwamba sikufunga vizuri. Na Papa alikuwa anavuta kwa namna ile yake, laini, bila mtikiso, na siku ile ilikuwa yake kama ilivyokuwa yangu. Sauti ya zamani ikaniambia ngoja, pengine utatulia wenyewe.

Nikapuliza moja fupi, na mkono wangu ukapanda wima, kiganja wazi, juu mpaka kwapa likauma.

Bomba likasimama kana kwamba limepigiliwa msumari angani. Nikapuliza moja ndefu, likashuka. Mtahini akaja, akainama, akaupima mkanda kwa kiganja chake. Nikafungua. Nikafunga upya, safari hii nikiuzungusha mkanda mara mbili kwenye bomba ili ujikaze wenyewe, kama Papa alivyonionyesha. Mbili fupi. Likapanda, na lilipofika nyuma ya mapipa, yule mwanamke akatoa simu, akaanza kutembea.

Nikamsimamisha Papa tena. Kutoka dirisha la kibanda ilitoka sauti ya kunung'unika, ndefu kidogo. Mtahini akaniuliza dereva anasema nini. Nikamwambia anasema ameiona ishara vizuri. Alichosema Papa ni hiki: "Hata jeneza yangu utaisimamisha, minajua."

Tulilaza bomba juu ya magogo. Mtahini aliandika kwa muda ambao mimi nilizeeka na kuwa babu. Kisha akaniambia kwamba ule mkanda ungenipunguzia alama kama ningeuacha, na kwamba kusimamisha mzigo ndiyo kazi yenyewe. Akatia saini karatasi mbili. Papa aliikunja yake mara nne akaiweka ndani ya kofia, akaivaa kofia. Kadi ya plastiki yenye picha ingekuja baadaye kwa posta, lakini kwa karatasi ile na maombi yaliyokwisha kutumwa, nilikuwa naruhusiwa kushika ndoano tangu siku ileile.

Tulirudisha helmeti, tukatoka getini. Nje ya geti nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, Papa."

"Marahaba," akasema, na akaiburuta ile marahaba mpaka treni ikafika.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa Westmead. Kreni ya mnara ilikuwa imesimama, ndefu kiasi kwamba nilihisi ncha yake inaona Tabora. Msimamizi alinyoosha mkono kabla hajanisalimia. Nikampa karatasi. Aliisoma yote, mbele na nyuma, na nyuma hakukuwa na kitu. Kisha akaingia ofisini kwenye kontena, akatoka na redio na kizibao kipya, akauchukua ufagio wangu ulioegemea ukutani akampa mtu mwingine.

Dereva wa kreni alikuwa mzee wa Kiaustralia, ameanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, na saiti nzima ilimwogopa kidogo. Kabla hajapanda ngazi aliniambia yeye hapendi doga anayebabaika. Nikamwambia mimi ni Mnyamwezi. Hakuelewa, lakini akakubali kwa kichwa.

Mzigo wa kwanza ulikuwa nondo. Nilizifunga, nikazikagua, nikasogea pembeni. Filimbi mbili fupi, zikapanda. Hazijafika ghorofa ya pili, fundi bomba mmoja akajitokeza nyuma ya uzio, kikombe cha kahawa mkononi, akavuka mstari mwekundu.

Moja fupi. Mkono juu.

Saiti nzima ikageuka. Nondo zikatulia. Redio ikakwaruza kifuani mwangu, na yule mzee kutoka angani akauliza, kwa sauti isiyozoea kukatizwa, kuna nini huko chini. Nikamjibu kuna mtu anapita na kahawa yake. Kisha akasema sawa, nakungoja wewe.

Nikamngoja fundi bomba amalize kuvuka na kurudi nyuma ya uzio. Sikumharakisha, kahawa ilikuwa ya moto. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikautazama mkanda. Ndipo nikapuliza mbili fupi.